Mwongozo kamili: kubadilishana vifaa vya kuzamia chini ya maji kwa regulata moja

Zoezi hili huwaangusha watu wanaojua kuzamia. Wanafunzi wangu wa udaivimasta (kozi ya kuwa kiongozi wa wazamiaji) hapa Nungwi, Zanzibar, wanaogelea mita 800 bila shida, wanaongoza wageni kwenye matumbawe bila kutetereka. Lakini waweke wawili kwenye bwawa la mita 3, waambie wabadilishane mapezi, majaketi (yanayobeba mtungi na kujazwa hewa) na miwani huku wakipumua kwa regulata moja (kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi), na dakika ya pili mmoja yuko juu anakohoa.

Wanaokwama wanakwama palepale kila mara, na swali wanaloniletea ni lile lile: tufanyeje tumalize bila kuibuka juu? Basi nimeandika hatua zote, na sababu ya kila moja.

Masharti kwanza. Mnabadilishana kila kitu isipokuwa suti na risasi (vipande vya chuma vya kuongeza uzito). Mnatumia kipande kimoja tu cha kupumulia, kwa zamu, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye kozi ya PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, mnapewa alama kuanzia 1 hadi 5, na kufaulu ni angalau 3. Mbio hazina alama. Kinachopimwa ni kama kichwa chako kinaendelea kufanya kazi pale ambapo hakuna kitu mwilini mwako kilicho mahali pake.

Onyo kabla ya lolote: zoezi hili halifanywi bila mwalimu aliye majini, ndani ya umbali wa mkono. Msiende wawili peke yenu bwawani usiku kujaribu.

## Mnachohitaji

Bwawa lenye sehemu mbili: ya kina cha kiuno au kifua, na ya mita 2 hadi 3. Baharini mkondo na mchanga unaotifuka vitawaongezea matatizo msiyoyahitaji.

Mitungi miwili yenye angalau baa 150 kila mmoja (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa). Hesabu yake ni hii. Mtu mwenye wasiwasi anaweza kutumia lita 25 za hewa kwa dakika. Wawili ni 50. Kwenye kina cha mita 3 shinikizo ni baa 1.3, kwa hiyo mnavuta kama lita 65. Kwenye mtungi wa lita 11 hiyo ni karibu baa 6 kila dakika, na zinatoka kwenye mtungi mmoja tu. Dakika 10 zinakula baa 60.

Kuna sababu ya pili. Mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huanza kuelea, na jaketi mliloliweka chini litaanza kuinua makalio wakati mikono yenu ina kazi nyingine.

Mikanda ya risasi, inayovaliwa kiunoni. Hapa sina mjadala. Kama jaketi lako lina mifuko ya risasi, iwe tupu. Ukivua jaketi lenye risasi, jaketi linakwenda chini na wewe unakwenda juu. Nimeona makosa mengi kwenye zoezi hili, na hili ndilo pekee linalonitisha, kwa sababu anayepanda ghafla mara nyingi amebana pumzi.

Uzito unaoutumia baharini utakuwa umezidi kidogo bwawani, kwa vile maji yasiyo na chumvi huinua mwili kidogo kuliko ya chumvi. Ongeza kilo 1 juu ya hapo. Mnataka kukaa chini kama mawe.

Mapezi yenye kamba ya kisiginoni, pamoja na viatu vya kuzamia. Huku kwetu wengi tunatumia mapezi ya kuvaa kama kandambili za kufunika, kwa sababu maji ni ya moto. Kwa zoezi hili hayafai: mguu namba 44 hauingii kwenye pezi la namba 39 hata uombe.

Miwani miwili isiyo ya daktari. Kama mmoja wenu anavaa miwani yenye lenzi za macho, aazime ya kawaida. Mwenye lenzi za kubandika jichoni azitoe au afumbe macho wakati miwani imevuliwa.

Mtungi wa akiba wenye regulata, umelazwa chini bwawani, mwalimu akiwa kando yake. Na kipande cha zulia la mpira cha kupigia magoti. Vigae vinaumiza, na mtungi ukivipasua mwenye bwawa hatawakaribisha tena.

Mwenye mafua asiingie. Mita 3 zinatosha kuumiza masikio yaliyoziba.

## Kwa nini watu wanashindwa

Wengi wanadhani kazi ni vifaa, kumbe kazi ni pumzi.

Unaposubiri zamu yako, hewa chafu inajikusanya mwilini. Ile hamu kali ya kuvuta pumzi haitokani na kuishiwa oksijeni. Inatokana na kaboni dioksidi kuongezeka. Ndiyo maana mtu aliyetoka kupumua sekunde 10 zilizopita anahisi anakufa, ilhali ana oksijeni ya kutosha kabisa. Akihangaika na kifungo wakati huo, kaboni dioksidi inaongezeka zaidi, hamu inazidi, anamnyang'anya mwenzake regulata, na mwenzake naye anaanza.

Kutokana na hilo nafundisha sheria tatu. Zikariri kabla hujalowa.

1. Mwenye hewa ndiye anayefanya kazi. Ukiwa na regulata mdomoni, mikono yako inafungua, inavaa, inavuta kamba. Ikitoka mdomoni, acha kila kitu.
2. Asiye na hewa ana kazi mbili tu: kushika mpira wa regulata (bomba lake la hewa), na kupuliza mapovu madogo madogo mfululizo.
3. Hakuna anayeachia kabla mwenzake hajashika.

Mapovu si mapambo. Ukibana pumzi kwenye mita 3 na kupanda hadi juu, hewa iliyo mapafuni inataka kutanuka kwa asilimia 30, na mapafu yaliyojaa hayana nafasi hiyo. Hata kupanda mita 1 au zaidi kidogo na mapafu yamejaa kunaweza kuyapasua. Regulata ikitoka mdomoni, mapovu yanatoka. Kila mara.

## Hatua ya 1: Fanyeni nchi kavu kwanza

Kaeni chini mkitazamana, mmevaa vifaa vyote. Gaweni majina. Mimi huyaita Mwenyeji na Mgeni. Mwenyeji ni yule ambaye mtungi wake utawalisha nyote wawili. Mgeni ni mwenzake.

Kisha pitieni zoezi zima kwa mikono, kuanzia mapezi hadi miwani, mkitamka kila tendo. Rudieni mkiwa mmefumba macho.

Mambo ya kuangalia hapa:

Kila mmoja ajue vifungo vya jaketi la mwenzake. Kimoja kinabanwa pembeni, kingine kinavutwa. Chini ya maji si mahali pa kugundua hilo.

Legezeni kamba za mabegani hadi mwisho kabla ya kuvua. Niliwahi kuwa na jozi, mmoja mrefu kama mnazi na mwenzake wa kimo cha wastani. Walirudia zoezi mara tatu na kila mara yule mrefu alikwama mkono ukiwa nusu ndani ya jaketi. Tatizo lao lilikuwa hilo tu: kamba ilikuwa imekazwa kwa kipimo cha mtu mdogo. Walipoanza kulegeza kabla ya kuvua, walimaliza siku hiyohiyo.

Kubalianeni ishara. Kuelekeza kidole mdomoni: nipe hewa. Kiganja wazi: tulia, usiendelee. Mkono kukata kooni: tunasitisha, kila mtu achukue regulata yoyote iliyo karibu.

Mmefaulu hatua hii mkiweza kumaliza zoezi macho yamefumbwa bila mmoja kumwuliza mwenzake "sasa nini?"

## Hatua ya 2: Pumzi peke yake, maji ya kifua

Pigeni magoti mkitazamana, magoti yanakaribia kugusana. Mkono wa kushoto wa kila mmoja unashika kamba ya begani ya mwenzake. Msiguse kifaa kingine chochote. Pokezaneni regulata kwa zamu: pumzi mbili, toa, mpe mwenzako. Pumzi mbili, si moja wala tatu. Moja haitulizi mwili. Tatu inamfanya anayesubiri ahesabu sekunde.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi. Regulata imetengenezwa mpira wake uingie upande wa kulia wa mdomo, na valvu ya kutolea pumzi iwe chini. Mkitazamana, mpira unaotoka bega la kulia la Mwenyeji unamfikia Mgeni kutoka kushoto kwake. Akiipokea bila kufikiri, ataiweka kinyume, valvu ikiwa juu, na pumzi ya kwanza itakuwa nusu maji. Dawa yake ni kuupinda mpira uzunguke, ili regulata imfikie Mgeni ikiwa wima. Mwalimu wako akiruhusu, tumieni ile regulata ya akiba, ya njano. Mpira wake ni mrefu zaidi na unapindika bila kuvuta.

Anayetoa ashike mpira karibu na regulata, asifunike kitufe cha mbele. Kitufe ni cha anayepokea. Ukipokea, puliza kutoa maji ndani. Kama huna pumzi ya kupuliza, weka ulimi juu kwenye kaakaa kuziba koo, bonyeza kitufe, ndipo uvute polepole.

Pumzi ya kwanza baada ya kupokea ivutwe kwa tahadhari kila mara. Tone la maji likipita ulimi utakohoa. Kohoa ndani ya regulata, usiitoe.

Mmefaulu mkipokezana kwa dakika 3 nzima na mdundo haubadiliki. Msipofika hapa, msiende mbele. Nimekatisha vipindi vizima kwenye hatua hii na sijajuta hata mara moja.

## Hatua ya 3: Kushuka na kutulia

Nendeni mita 2 hadi 3, mkipumua kila mtu kwa regulata yake. Toeni hewa yote kwenye majaketi: inua mpira wa kutolea hewa juu, bonyeza, kisha ukamue jaketi kwa kiwiko. Hewa kidogo inayobaki ndiyo itakayowasumbua jaketi likiwa halina mtu.

Onyeshaneni geji (kipimo cha hewa iliyobaki mtungini). Onyeshaneni alama ya sawa. Mgeni anatoa regulata yake na kuibana kwenye jaketi lake, isiburuzwe. Anzeni kupokezana, na msifanye lolote kwa zamu tatu au nne za mwanzo. Mwili unatakiwa kuamini kwamba hewa inarudi.

## Hatua ya 4: Mapezi

Mapezi ni kazi nyepesi, nayo inawapa ushindi wa mapema. Mgeni, akiwa na hewa, anavua pezi moja na kuliweka chini ya goti. Zamu inayofuata, la pili. Kisha Mwenyeji. Kisha kuvaa, pezi moja kwa zamu.

Jaribu la kuvua yote mawili kwa pumzi mbili utalihisi. Likatae. Mkianza mbio kwenye mapezi, mtafika kwenye majaketi mkiwa mnahema.

## Hatua ya 5: Mgeni anavua jaketi

Hii ni nusu ya kwanza ya sehemu ngumu. Mgeni anategemea hewa ya Mwenyeji, hivyo jaketi lake halina mpira wowote ulioshikamana na mdomo wa mtu. Anaweza kulivua kwa uhuru.

Zamu ya kwanza: afungue mkanda wa kiunoni na vifungo vya kifuani. Zamu ya pili: alegeze kamba za mabegani. Zamu ya tatu: atoe mkono wa kushoto, kisha wa kulia, alete mtungi mbele.

Mwenyeji naye, zamu yake ya hewa ikifika, anaweza kusaidia kufungua. Mikono ya mwenye hewa inatumika popote.

Jaketi lilazwe upande wa kulia wa Mgeni. Upande wa kushoto kwake ndiko mpira wa regulata unakopita, na ndiko mtungi wa Mwenyeji utakakopitia baadaye. Mgeni aweke goti juu ya kamba ili lisitembee.

Onyo: gusa mkanda wa risasi kabla ya kuvua jaketi. Wakati mwingine mkanda wa jaketi na mkanda wa risasi vinapandana, na mtu hufungua usio wake.

Mmefaulu kama Mgeni amekaa chini bila jaketi na haelei. Akianza kuelea, asitishe. Ongezeni risasi na kuanza upya.

## Hatua ya 6: Mwenyeji anavua, Mgeni anavaa

Hapa ndipo wanapoangukia wengi. Jaketi linalovuliwa sasa ndilo lenye hewa yenu.

Mwenyeji anafungua na kulegeza kwa zamu zake, kama alivyofanya Mgeni. Kisha anatoa mkono wa kushoto kwanza. Mpira wa regulata unatokea bega la kulia. Ukitoa mkono wa kulia kwanza, mtungi utazunguka kwa upande wa kushoto na kuuvuta mpira shingoni, regulata itang'oka mdomoni. Kushoto kwanza, mtungi uzunguke kwa upande wa kulia, uje mbele, ndipo mkono wa kulia utoke.

Usimamisheni mtungi katikati yenu. Kisha pumzikeni. Kweli kabisa: zamu mbili bila kufanya kazi. Mtungi umekaa katikati kama sinia, mmeuzunguka wawili, hewa iko pale. Hii ndiyo nafasi tulivu kuliko zote kwenye zoezi, na watu huiruka kwa haraka ya kumaliza.

Sasa Mgeni anavaa. Mkono wa kulia unaingia kwanza, kwa sababu ileile ya mpira. Mtungi unazunguka nyuma, mkono wa kushoto unafuata. Mwenyeji, kwenye zamu zake za hewa, ananyanyua mtungi kidogo na kuhakikisha mpira umepita juu ya bega, haujabanwa chini ya kamba wala chini ya kwapa. Vifungo vinafungwa zamu inayofuata.

Jihadharini na kichwa. Mtungi ukizungushwa kwa nguvu, valvu yake inagonga kisogo.

Mmefaulu kama Mgeni amefunga kila kifungo, mpira uko huru, na mdundo wa pumzi mbili haujavunjika. Mkiona mdundo umeharakishwa, mmoja aonyeshe kiganja wazi, mpokezane hadi utulie.

## Hatua ya 7: Mwenyeji anavaa jaketi la Mgeni

Nafuu sasa. Mwenyeji anapumua kutoka mtungi ulio mgongoni mwa mwenzake, na jaketi analolivaa halijafungamana na mdomo wowote. Mgeni aondoe goti kwenye kamba. Mwenyeji aingize mkono wa kulia, kisha wa kushoto, afunge, akaze.

Kosa la hapa ni umbali. Mwenyeji akigeuka kulifuata jaketi, anasogea, na mpira haufiki. Mgeni ndiye alisogeze jaketi kwa mwenzake, kwenye zamu yake ya hewa.

## Hatua ya 8: Miwani

Walimu wengine huanza na miwani. Mimi huiweka mwisho, kwa sababu kamba na vifungo vinahitaji macho.

Mgeni anavua yake na kumpa Mwenyeji mkononi. Mwenyeji, akiwa na hewa, anavua yake na kuivika kwenye kifundo cha mkono. Kwa muda mfupi nyote hamuoni vizuri, na regulata inapokezwa kwa kugusa tu: shuka na mkono wa mwenzako hadi kwenye mpira, kisha hadi kwenye regulata.

Zamu inayofuata Mwenyeji anavaa miwani ya Mgeni. Zamu nyingine anaisafisha: pumzi ya kwanza avute, kichwa juu kidogo, abonyeze ukingo wa juu wa miwani, atoe kwa pua. Pumzi ya pili avute kabla ya kutoa regulata. Msisafishe miwani bila hewa. Mnatumia pumzi yote kisha mnasubiri zamu mkiwa watupu. Mwenyeji akishaona, anampa Mgeni miwani nyingine, na kumwongoza.

Maji yakigusa pua, wengi huvuta kwa pua bila kukusudia. Kama ni udhaifu wako, tenga kipindi kizima cha kupumua bila miwani kwenye maji ya kifua kabla hujarudi kwenye zoezi hili.

Snokeli (mrija wa kupumulia ukiwa juu ya maji) iende pamoja na miwani, ikiwa imeshabanwa kwenye kamba.

## Hatua ya 9: Kumaliza

Mwenyeji atafute regulata iliyobanwa kwenye jaketi alilolivaa sasa, abonyeze kitufe kuitoa maji, avute. Sasa kila mtu ana hewa yake. Msikimbilie juu. Kaguaneni kutoka kichwani hadi miguuni: miwani, vifungo, mpira, geji, risasi, mapezi. Mpimaji anaangalia pia kama kamba imejikunja mgongoni.

Pandeni pamoja, mkipumua kawaida, mkono mmoja juu. Mkifika, jazeni majaketi.

## Mambo yakiharibika

Sitisheni kama geji ya mtungi unaowalisha imefika baa 70, kama mmoja anaelea, au kama mmoja ameomba hewa mara mbili kabla ya zamu yake. Ishara ya kukata kooni ikitolewa, hakuna mjadala: kila mtu achukue regulata iliyo karibu, zikiwemo za majaketi yaliyolala chini. Mwalimu naye analeta ule mtungi wa akiba.

Kusitisha kwa utulivu mnapumua chini ni kazi nzuri, nami huwaambia hivyo hivyo wanafunzi. Kupanda ghafla ndiko ninakokukataza. Kama mmoja amepanda hivyo, hata akisema yuko sawa, atoke majini, apumzike na aangaliwe. Maumivu ya kifua, sauti kubadilika, kikohozi chenye damu au ganzi upande mmoja ni hospitali mara moja, akipewa oksijeni njiani kama ipo.

Mkimaliza salama mara ya kwanza, msitoke. Chekini hewa, pumzikeni juu dakika 10, kisha rudieni Mgeni akiwa Mwenyeji. Siku ya mtihani hamtachagua ni nani.